Chuma Kinapoumbuka: Habari za Maneno ya Uhunzi na ya Mitambo katika Nchi ya Kahama

Madhumuni ya makala hii ni kueleza, kwa kadiri ya nafasi tuliyo nayo, jinsi Kiswahili kilivyopata kusema habari za nguvu ya chuma na za kupinda kwake, tangu siku za wahunzi wa majembe hata siku za bolti na nati. Nchi niliyoichagua kuwa kielelezo ni Kahama, na hasa mahali paitwapo Buzwagi, karibu na mji wa Kahama katika Mkoa wa Shinyanga. Sababu za kuichagua ni mbili. Ya kwanza ni kuwa katika nchi hiyo ndogo zimekutana zama tatu za chuma: zama za tanuri la udongo, zama za reli, na zama za mgodi mkubwa. Ya pili ni haraka. Mgodi wa Buzwagi ulianza kutoa dhahabu mwaka wa 2009, na mwaka wa 2021 uzalishaji wake ulikoma. Shimo limebaki, na mipango ikafanywa ya kuligeuza eneo lile kuwa eneo maalumu la uchumi. Lakini mafundi wametawanyika, na kila fundi amekwenda na maneno yake kinywani. Dhahabu ilipimwa kwa mizani na kuandikwa katika daftari. Maneno hayana mizani, wala hayana daftari ila lile tuliandikalo sisi.

Nitashika hoja moja tangu mwanzo hata mwisho. Majina ya vitu vya chuma mara nyingi yametujia kutoka nje pamoja na vitu vyenyewe, wala hapana aibu katika jambo hilo. Lakini maneno ya matendo ya chuma, yaani ya kile chuma kifanyacho kinapovutwa, kinapopindwa na kinapofungwa, ni yetu tangu kale. Watunga istilahi wetu wamejitaabisha sana kwa ajili ya majina, na matendo wameyaacha nyuma. Katika karakana, ambapo uhai wa mtu waweza kuning'inia katika bolti moja, upungufu huo si wa vitabuni tu.

Wahunzi wa bara

Mtu asidhani ya kuwa chuma kiliingia Kahama juu ya magari ya mgodi. Mwaka wa 1943 jarida la Tanganyika Notes and Records lilipiga chapa makala ya C. C. de Rosemond juu ya uyeyushaji wa chuma katika Wilaya ya Kahama. Upande wa kaskazini, katika nchi za Geita na Biharamulo, walikuwako Warongo, ambao hawakuwa ukoo mmoja bali chama cha kazi: watu wa koo mbalimbali waliounganishwa na tanuri. Katika karne ya 19 majembe ya Usumbwa, Uzinza na Unyamwezi yalichukuliwa na wapagazi hata Tabora. Yalilima mashamba, yalitolewa kuwa mahari, na katika biashara yalishika mahali pa fedha. Msukuma huliita jembe igembe, na hata msomaji asiye mwanaisimu huona mara moja udugu wa maneno hayo mawili.

Ustadi wa wahunzi hao haukuwa wa kubahatisha. Mwaka wa 1976, katika nchi ya Wahaya, wazee waliokuwa wangali wakikumbuka kazi hiyo walijenga tanuri na kuyeyusha chuma mbele ya mtafiti Peter Schmidt. Mwaka wa 1978 yeye na Donald Avery walitangaza habari hizo katika jarida la Science. Walisema kuwa tanuri la namna hiyo lilitoa chuma chenye kaboni, ambacho ndicho pua, na kuwa mabaki ya matanuri yaliyofukuliwa huko yalikuwa na umri wa miaka 1500 hata 2000. Wataalamu wengine walibishana nao juu ya kiasi cha joto na juu ya jinsi hewa ilivyopashwa moto kabla ya kuingia tanurini. Hata hivyo ubishi huo haukuondoa jambo lenyewe, kuwa wahunzi wa magharibi ya Ziwa walijua kupata pua katika tanuri la udongo.

Hapa yafaa tueleze kidogo kazi ya tanuri hilo, maana maneno yetu yametoka humo. Tanuri la kale halikugeuza chuma kuwa maji. Lilitoa bonge lililochanganyika na taka, na mhunzi alilipasha moto tena na kulipiga nyundo hata taka zikatoka. Kaboni haikuenea sawasawa katika bonge hilo. Sehemu yenye kaboni kidogo huwa laini, hupindika na kunyoshwa. Sehemu yenye kaboni nyingi zaidi huwa ngumu, hushika makali, lakini huwa nyepesi kuvunjika. Kwa hiyo mhunzi hakuweza kuamini jina la kitu alichokuwa nacho mkononi. Ilimpasa akijaribu: akipige asikilize sauti yake, akipinde aone kama kitarudi, kama kitabaki kimepinda, au kama kitakatika. Jembe lililopinda kwenye jiwe hunyoshwa na kulima tena, lililovunjika limekwisha.

Lugha ilifuata kazi. Kitenzi cha Kiswahili fua chatokana na mzizi wa kale wa Kibantu wenye maana ya kupiga chuma, nacho kimezaa fuawe, kile ambacho mhunzi hufulia juu yake. Katika Kihaya mhunzi ni omuhesi, na jina hilo limetoka katika kitenzi cha kufua. Ndiyo kusema kwamba lugha hizi zilimtaja mtu kwa tendo lake, na zilikitambua chuma kwa tendo lake.

Maneno ya pwani

Sasa tutoke bara tuteremke pwani, maana Kiswahili kilichopanda Kahama kilikuwa kimekwisha kupata maneno mengine huko baharini. Katika kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka wa 1939 twakuta maneno mawili yenye maana ya chuma kilicho bora: pua na feleji. Feleji lilikuwa hasa neno la panga. Upanga wa feleji ulikuwa silaha ya mtu wa cheo. Pua lilikuwa neno la mafundi. Maneno yote mawili yalitaja sifa ya chuma, wala hayakutaja umbo lake.

Kwa upande wa viungo, yaani vitu vinavyoshikamanisha kitu na kitu, pwani ilipokea majina kutoka pande nyingi. Msumari ni neno la Kiarabu. Parafujo ni neno la Kireno, nalo limebaki katika lugha karne tatu na zaidi baada ya Wareno kunyang'anywa Ngome ya Yesu mwaka wa 1698. Hesi ni ile mizunguko iliyochongwa katika parafujo, na mafundi waliita msumari wa hesi ule usiopigwa bali unaozungushwa. Mlango nao ulikuwa na komeo na kia, vitu ambavyo siku hizi wengine hutamani kuvitumia kuwa tafsiri ya bolti. Mimi sioni kama yafaa. Komeo huzuia mlango usifunguke. Bolti hubana vitu viwili hata vikawa kama kimoja. Kazi ni mbali, na jina lisichanganye kazi.

Kuna kiungo kingine cha pwani kinachofaa kukumbukwa. Mtepe wa Lamu na visiwa vya jirani haukupigwa misumari ya chuma. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Chombo kilichoshonwa hunesa. Kikigonga mchanga, kamba hukubali kidogo, na mbao hurudi mahali pake. Waunzi wa mitepe walijua jambo ambalo wahandisi wa leo hulipigia hesabu ndefu: kiungo chema ni kile kinachoweza kukubali kidogo bila ya kuachana.

Neno taruma laonyesha vizuri jinsi lugha inavyosafiri kutoka bahari hata nchi kavu. Kwanza lilikuwa neno la chombo, la mbao za kukitia nguvu kwa ndani. Reli ilipokuja, watu walitazama vile vipande vinavyolala kukingama chini yake, wakaviita mataruma. Hapana kamati iliyokaa kulitunga neno hilo. Walioliita hivyo waliona kazi ile ile ikifanywa mahali papya, wakalitumia neno walilokuwa nalo.

Reli

Njia ya reli ya kati ilifika Tabora mwaka wa 1912 na Kigoma mwaka wa 1914. Tawi la kutoka Tabora kwenda Mwanza lilikamilika mwaka wa 1928, likipita Isaka na Shinyanga. Hivyo nchi ya Kahama ikakaribiwa na chuma cha namna mpya, kilichotengenezwa viwandani, kikapimwa na kutiwa alama kabla ya kupakiwa melini. Pamoja nacho yakaja maneno ya Kiingereza: reli yenyewe, bolti, nati, spana, washa. Mhunzi wa Kahama, ambaye tangu hapo alikuwa akishindana na majembe ya viwanda vya ng'ambo, sasa alikuta mabaki ya chuma ambayo angeweza kuyafua bila ya kuwasha tanuri la kuyeyushia. Kazi ya kuyeyusha ikafifia. Kazi ya kufua ikabaki.

Reli ilileta pia elimu mpya ya viungo. Chuma hurefuka kikipata joto. Kipande cha reli chenye urefu wa mita 12, kikipata joto zaidi kwa nyuzi 30 za Selsiasi, huongezeka kwa kadiri ya milimita 4. Vipande vikishikwa bila ya nafasi yoyote, na jua la Shinyanga likawaka, vitasukumana hata njia ipinde. Kwa hiyo katika njia ya zamani vipande viliunganishwa kwa bamba mbili na bolti, na tundu la bolti likafanywa kubwa kuliko bolti yenyewe, ili reli ipate kutembea kidogo. Twaona tena hekima ile ile ya mtepe: kiungo kimefungwa, lakini kimeachiwa pumzi.

Chuma kisichoshika kutu

Mwanzoni mwa karne ya 20, huko Ulaya na Marekani, mafundi wa maabara waligundua kuwa chuma kikichanganywa na kromiamu ya kutosha hakishiki kutu kwa urahisi. Katika kiwanda cha Krupp, Ujerumani, Eduard Maurer na Benno Strauss walifanya kazi yao yenye sifa mwaka wa 1912. Huko Sheffield, Uingereza, Harry Brearley alipata chuma chake mwaka wa 1913, alipokuwa akitafuta madini ya kufaa mitutu ya bunduki. Kiasi cha kromiamu kinachohitajiwa ni asilimia 10.5 au zaidi. Kromiamu hiyo huungana na oksijeni ya hewa ikafanya ngozi nyembamba mno juu ya chuma. Ngozi hiyo ikikwaruzwa, hujifanya tena yenyewe.

Vyuma hivi vina jamaa mbalimbali, na mbili zatuhusu hapa. Jamaa ya kwanza ni ya austeniti, ambayo kwa kawaida huwa na nikeli, nayo ndiyo ya sufuria na masinki mengi. Jamaa ya pili ni ya feriti, ambayo jina lake latokana na neno la Kilatini la chuma. Hii ina nikeli kidogo sana au haina kabisa. Kwa hiyo bei yake ni nafuu, wala haipandi na kushuka pamoja na bei ya nikeli. Afrika ina sehemu yake katika habari hizi. Mwishoni mwa miaka ya 1970, huko Middelburg, Afrika Kusini, kilitengenezwa chuma cha feriti chenye kromiamu ya asilimia 12 hivi, kinachojulikana kwa jina la 3CR12. Hakikukusudiwa kung'aa mezani. Kilikusudiwa kazi za taabu: mabehewa ya makaa ya mawe, mifereji ya kuteremshia mawe, na ngazi za migodini.

Jamaa ya feriti ina tabia moja iliyowapotosha watu wengi. Hushika sumaku, kama kinavyoshika chuma cha kawaida. Huko sokoni wauza vyombo na wanunuzi wa vyuma chakavu hupima kwa sumaku: kitu kikinaswa, husema si stenlesi, ni bandia. Kipimo hicho hukipa chuma cha feriti jina la uwongo. Na sisi wenye kamusi tumezidisha giza, kwa kuwa chuma cha pua, maneno ambayo zamani yalikuwa na maana ya chuma chenye kaboni, siku hizi hutumika pia kwa chuma kisichoshika kutu. Fundi akiagiziwa chuma cha pua, aleta kipi? Kwa maoni yangu pua iachwe mahali pake pa zamani, na hiki kipya kiitwe kwa tendo lake: chuma kisichoshika kutu, cha feriti au cha austeniti. Jina ni refu, lakini halidanganyi.

Nguvu, ugumu na kuumbuka

Sasa tumefika kwenye moyo wa makala. Tuchukue kijiti cha chuma chenye eneo la milimita 1 ya mraba, tukining'inize, tukitie mizigo chini yake kidogo kidogo. Kwanza kitarefuka kiasi kisichoonekana kwa macho, na mzigo ukiondolewa kitarudi kama kilivyokuwa. Tukizidisha mzigo tutafika mahali ambapo kikiachwa hakirudi chote. Kimebaki kirefu kuliko kwanza. Tukizidi kuongeza, mwishoni kitakatika.

Chuma laini cha kawaida huonyesha mpaka wa kurudi na kubaki waziwazi, kama mtu aliyevumilia sana kisha akakubali ghafula. Chuma kisichoshika kutu hakina ghafula hiyo; hukubali polepole, na mpaka wake hauonekani. Kwa hiyo wahandisi wameuweka kwa mapatano: ni pale ambapo, mzigo ukiisha ondolewa, urefu uliobaki ni sehemu 2 katika 1000. Kwa bamba la feriti la namna ya 1.4003, ambalo ni ndugu wa 3CR12, kipimo cha chini kinachotakiwa ni nyutoni 280 kwa kila milimita ya mraba, yaani mzigo wa kilo 28 hivi juu ya kijiti chetu. Cha kukatika ni nyutoni 450, yaani kilo 46 hivi. Kabla ya kukatika chatakiwa kirefuke angalau asilimia 20. Ndugu yake wa austeniti aliye mashuhuri, 1.4301, aweza kuanza kubaki mapema zaidi, lakini hurefuka asilimia 45 kabla ya kukatika. Mmoja huchelewa kukubali. Mwingine hukubali mapema, lakini huvuta muda mrefu kabla ya kuachana. Yupi mwenye nguvu zaidi? Swali hilo halijibiki hata tuseme nguvu ya nini.

Hapa ndipo istilahi zetu zinapotuangusha. Neno nguvu hubeba mizigo mingi mno. Neno gumu hutumika kwa kitu kisichokwaruzika, kwa kitu kisichopindika, na kwa kazi yenye taabu. Imara ni kitu kisichotikisika. Nyumbuka husemwa juu ya mpira, ambao hurudi, na husemwa vile vile juu ya nta, ambayo hairudi. Mkazo kwetu sisi wanaisimu ni wa silabi; kwa fundi, kukaza ni kuzungusha nati; kwa mwalimu wa fizikia, mkazo ni mambo ya kuvutwa na kubanwa. Wala si kwamba hapakuwa na juhudi. Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki ilianzishwa mwaka wa 1930, Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka wa 1967. Rajmund Ohly alitoa kamusi yake ya msingi ya ufundi mwaka wa 1987, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka wa 1990. Ni kazi za kuheshimiwa. Lakini kamusi yenye kupangwa kwa majina ya Kiingereza hutafuta jina la Kiswahili kwa kila jina, na hivyo ni rahisi tendo lisilo na jina lisitafutwe.

Nitatoa mfano. Katika karakana moja, ambayo sitaitaja, nilionyeshwa tangazo lililotafsiriwa, lililosema bolti zikazwe kwa nguvu inayotakiwa. Mwandishi alikusudia kipimo maalumu, kisizidishwe wala kisipunguzwe. Vijana walielewa kuwa nguvu inatakiwa, basi walikaza kwa nguvu zao zote. Bolti iliyokazwa kupita kiasi hurefuka bila ya kurudi. Hesi zake huharibika. Nayo hukaa mahali pake ikionekana nzima, hali imekwisha kuanza safari ya kukatika. Lugha ya tangazo ilikuwa sanifu, na hapana kosa la sarufi hata moja.

Ajabu ni kuwa bolti yenyewe husema wazi kuliko sisi. Juu ya kichwa cha bolti ya kawaida ya mitambo huandikwa 8.8. Tarakimu ya kwanza ni ya kukatika: 8 mara 100, yaani nyutoni 800 kwa milimita ya mraba. Ya pili yasema kuwa mpaka wa kurudi ni sehemu 8 katika 10 za hizo, yaani 640. Bolti zisizoshika kutu zina maandishi yao: A2-70 ni ya austeniti, yenye nyutoni 700 za kukatika, F1-60 ni ya feriti, yenye 600. Kichwa cha bolti ni matini, na msomaji wake ni fundi mwenye spana. Tarakimu za 8.8 zasema mambo mawili, na sisi tumezitafsiri kwa moja: bolti ngumu.

Je, tuna maneno ya kutenga hayo mawili? Tunayo. Kutokana na umbo, lugha yetu ina kitenzi umbua, yaani kuondoa au kuharibu umbo, na umbuka, kupotewa na umbo. Siku hizi twalisikia zaidi kwa mtu aliyefedheheka, lakini maana ya asili haijafa, na kamusi za zamani zinayo. Basi napendekeza hivi. Nyumbuka liwe neno la jumla la chuma kinachokubali. Chini yake kuwe na matawi mawili: kurudi, pale chuma kinaporejea umbo lake, na kuumbuka, pale kinapolipoteza umbo lisirudi. Baada ya hayo huja kukatika. Chuma ambacho hukatika bila ya kuumbuka kwanza ni chepesi kuvunjika, hata kiwe kigumu namna gani.

Mtu aweza kupinga, na ana haki, kuwa nyumbuka na umbuka yanakaribiana kwa sauti, na karakana ina kelele. Nakubali. Kwa hiyo katika mazungumzo ya kazi watu watumie kurudi na kuumbuka, na nyumbuka libaki la vitabuni. Na ile maana ya kufedheheka isitutishe. Chuma kilichoumbuka ni chuma kilichofichuka udhaifu wake mbele za watu, na kwa kweli afadhali kifichuke kabla ya kukatika.

Maneno haya hutusaidia papo hapo tukitazama bamba mbili zilizofungwa kwa bolti na kuvutwa pande mbili. Kiungo cha namna hii chaweza kushindwa kwa njia nne. Bolti yaweza kukatika. Tundu laweza kuumbuka, likawa refu kama yai. Ukingo ulio mbele ya tundu waweza kuchanika. Au bamba lenyewe laweza kukatika penye mstari wa matundu, ambapo chuma ni haba. Mhandisi mwangalifu hupenda tundu liumbuke kwanza, kwa sababu tundu lililorefuka laonekana na huonya, lakini bolti iliyokatika haikuonya mtu. Katika chuma kisichoshika kutu tundu huendelea kubeba mzigo zaidi kadiri linavyozidi kuumbuka. Kwa hiyo hapana budi kuweka mpaka wa milimita chache, iwe hapo kiungo kimehesabiwa kushindwa ingawa hakijakatika. Na bamba likiwa jembamba, ukingo wake hukunjamana kwenda nje, na kiungo hupungukiwa na uwezo wake.

Kuna onyo jingine. Bolti za chuma cha kawaida zikifunga bamba kubwa lisiloshika kutu mahali penye maji, kutu yote huziendea bolti, nazo huliwa upesi. Na bolti na nati zisizoshika kutu zikikazwa kwa haraka bila ya mafuta, hesi zake huweza kung'ang'aniana zisifunguke tena. Mambo haya yote yaweza kuelezwa kwa Kiswahili kwa maneno ambayo mtoto wa Kahama anayajua: rudi, umbuka, chanika, katika, liwa, ng'ang'ania. Sikuazima kitenzi hata kimoja.

Mwisho

Katika migodi kama ule wa Buzwagi bamba zinazokinga vinu vya kusagia mawe hufungwa kwa bolti, nazo hukaguliwa mara kwa mara, maana kila jiwe linaloanguka ndani ni nyundo. Wafungaji wake walikuwa Wasukuma, Wasumbwa, Wanyamwezi na watu wa makabila mengine mengi, wakizungumza Kiswahili kilichochanganyika na Kiingereza cha vitabu vya mashine. Nimewasikia mafundi wa magereji wakisema bolti imechoka, na hesi zimelika. Imechoka! Wahandisi hutumia mfano huo huo kwa chuma kilichopata mzigo mdogo mara nyingi mno, na fundi wetu amelifikia wazo hilo kwa lugha yake. Ni maneno mangapi kama hayo yaliyosemwa miaka 12 chini ya vinu, na ambayo sasa yamo katika vichwa vya watu waliokwenda Geita, Bulyanhulu, au wamerudi kulima?

Basi rai yangu kwa Taasisi na kwa wanafunzi wetu ni hii. Kabla ya kutunga neno jipya la mitambo, mtu aende kwanza kwa yule anayeishika mitambo. Asimwulize, "Hiki waitaje?" kwa maana atatajiwa jina la Kiingereza lililovaa kanzu. Amwulize, "Kikizidiwa, hufanyaje?" Hapo atasikia vitenzi. Mhunzi wa zamani alikipinda chuma aone kama kitarudi, ndipo akakiamini. Nasi tuyajaribu maneno yetu vivyo hivyo, tuyatie mzigo wa kazi karakanini. Yatakayoumbuka tuyafue upya, na yatakayorudi tuyatie katika kamusi.